Mwendo: kuanzia kamba na saa ya simu hadi milinganyo yote ya kidato

Wanafunzi wengi wanaoshindwa mada ya mwendo wanaijua milinganyo yake vizuri. Ukiwaamsha usiku wa manane watakutajia yote bila kukosea herufi. Wanachokosa ni picha: wakipewa swali la jiwe lililorushwa juu, hawalioni jiwe, wanaona herufi tu, basi wanaokota mlinganyo wowote na kupachika namba. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutapima kwanza, tutachora, halafu ndipo tukokotoe. Ukifuata mpangilio huo, milinganyo itakuja yenyewe kama kitu ulichokwisha kukiona kwa macho.

Andaa kamba ya mita 20, rula ya sentimita 30, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, gololi moja, ubao mrefu au bomba la plastiki lililopasuliwa kati, chaki, na rafiki mmoja au wawili. Kama huna futi ya kupimia, pima mita moja ya kamba kwa rula, kisha rudia urefu huo mara ishirini.

Pima mwendo wako mwenyewe

Nyoosha kamba uwanjani na uweke alama kila baada ya mita 5. Anza kutembea mwendo wako wa kawaida hatua chache kabla ya alama ya sifuri, ili ukifika hapo uwe umeshashika mwendo. Rafiki yako abonyeze saa unapopita sifuri, na aandike muda kila unapopita alama. Tuseme amepata hivi:

mita 0 – sekunde 0
mita 5 – sekunde 3.6
mita 10 – sekunde 7.1
mita 15 – sekunde 10.7
mita 20 – sekunde 14.3

Kasi ya wastani ni umbali wote kugawanya kwa muda wote: 20 ÷ 14.3 = 1.4 m/s. Soma tena hiyo alama ya m/s kwa Kiswahili: mita kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila sekunde inayopita, umesogea mita 1.4. Mtu anayeisoma hivyo kila mara hasahau kamwe nini kinagawanywa kwa nini.

Kubadili km/h kuwa m/s, gawanya kwa 3.6. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni: kilomita moja ni mita 1,000, saa moja ni sekunde 3,600, na 3,600 ÷ 1,000 ni 3.6. Kwa hiyo gari la kilomita 72 kwa saa linakwenda mita 20 kila sekunde. Kurudi nyuma, zidisha. Mwendo wako wa 1.4 m/s ni kama kilomita 5 kwa saa. Fanya ubadilishaji huu kabla ya jambo lingine lolote katika swali, kwa sababu kuchanganya kilomita na sekunde katika mstari mmoja kunaharibu kazi nzima hata kama mlinganyo ni sahihi.

Umbali si sawa na mhamo

Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mizunguko miwili ya uwanja. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 49.28, kwa hiyo wa pili ulimchukua sekunde 51.63. Kasi yake ya wastani: 800 ÷ 100.91 = 7.93 m/s. Mzunguko wa kwanza ilikuwa 8.12 m/s, wa pili 7.75 m/s.

Sasa swali lenyewe: baada ya mizunguko miwili, Rudisha alikuwa amefika umbali gani kutoka alipoanzia? Karibu sifuri. Alirudi palepale. Miguu yake imekula mita 800, lakini mahali pake hapajabadilika.

Hizo ni habari mbili tofauti, na fizikia inazipa majina mawili. Umbali ni urefu wa njia yote uliyopita. Mhamo ni mstari ulionyooka kutoka ulipoanza hadi ulipo sasa, pamoja na mwelekeo wake. Vivyo hivyo, kasi ni umbali kwa muda, na kasimwelekeo ni mhamo kwa muda. Kasi ya wastani ya Rudisha ni 7.93 m/s, kasimwelekeo yake ya wastani ni sifuri. Zote mbili ni kweli, na haziko kwenye ugomvi.

Katika mwendo wa mstari mnyoofu, mwelekeo unaonyeshwa kwa alama mbili tu: chanya na hasi. Chagua wewe upande upi ni chanya, chora mshale, na usiubadilishe hadi swali liishe. Ukisahau hatua hii, utaikumbuka kwa uchungu tutakapofika kwenye jiwe.

Mchapuko, na alama ya hasi inayopotosha wengi

Kasimwelekeo inapobadilika, tunauliza inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde. Hicho ndicho kinachoitwa mchapuko:

a = (v − u) ÷ t

a ni mchapuko, u ni kasimwelekeo ya mwanzo, v ni ya mwisho, na t ni muda. Daladala inayoondoka kituoni na kufikia 12 m/s baada ya sekunde 8 ina mchapuko wa 1.5 m/s². Isome hivi: kila sekunde, mwendo wake unaongezeka kwa mita 1.5 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza inafika 1.5, ya pili 3, ya tatu 4.5. Sasa unaona kwa nini kizio kina sekunde mara mbili.

Wengi wamefundishwa kwamba mchapuko hasi ni kupungua kwa mwendo. Si lazima. Hasi inasema mwelekeo tu. Kama kulia ni chanya na gari linakwenda kushoto huku likizidi kukaza mwendo, mchapuko wake ni hasi ingawa linaongeza kasi. Kanuni salama ni hii: kasimwelekeo na mchapuko zikiwa na alama moja, kitu kinaongeza kasi, zikitofautiana, kinapunguza.

Chora grafu kabla ya kushika mlinganyo

Rudi kwenye vipimo vyako vya kutembea. Weka muda kwenye mhimili wa ulalo na umbali kwenye wima. Nukta zako zitakaa karibu kwenye mstari mmoja mnyoofu. Mteremko wa mstari huo, yaani badiliko la wima kugawanya kwa badiliko la ulalo, ni kasi yako. Ukikaza mwendo, mstari unasimama zaidi. Ukisimama kabisa, unalala.

Grafu ya kasimwelekeo na muda ndiyo yenye hazina. Endelea na ile daladala: inatoka sifuri hadi 12 m/s kwa sekunde 8, inakwenda sawia kwa sekunde 20, kisha inafunga breki na kusimama kwa sekunde 4. Ukichora utapata umbo la trapeza: kupanda, uwanda, kushuka.

Mteremko wa kila kipande unakupa mchapuko: 1.5, kisha 0, kisha −3 m/s². Eneo lililo chini ya mstari linakupa mhamo. Kwa nini eneo? Angalia uwanda wa kati: urefu wake ni 12 m/s, upana wake ni sekunde 20. Eneo la mstatili ni 12 × 20 = 240, na hiyo hasa ndiyo kasi mara muda, yaani mita 240. Vipande vilivyoinama ni pembetatu: ½ × 8 × 12 = mita 48, na ½ × 4 × 12 = mita 24. Jumla mita 312 kwa sekunde 32, sawa na wastani wa 9.75 m/s.

Angalia kosa linalokamata watu hapa: kuchukua 0 na 12, kuzigawanya kwa mbili, na kusema wastani wa safari yote ni 6. Njia hiyo inafaa pale tu mwendo unapobadilika kwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari yenye vipande vitatu haikubali.

Milinganyo imetoka wapi

Chukua kipande kimoja cha grafu chenye mchapuko usiobadilika: kinaanzia u na kuishia v ndani ya muda t. Kutoka kwenye maana ya mchapuko tunapata

v = u + at

Sasa tafuta eneo chini ya mstari, yaani mhamo, ambao tunauita s. Ligawe katika mstatili wa chini wenye kimo u, na pembetatu ya juu yenye kimo v − u, ambacho ni at. Mstatili ni ut. Pembetatu ni ½ × t × at. Basi:

s = ut + ½at²

Au lihesabu kama trapeza moja:

s = ½(u + v)t

Na ukiondoa t kati ya wa kwanza na wa tatu, unapata

v² = u² + 2as

Milinganyo hii inafaa pale tu mchapuko haubadiliki. Ile daladala huwezi kuihesabu yote kwa mstari mmoja. Unaikata vipande vitatu.

Kuchagua mlinganyo hakuhitaji kipaji. Andika herufi tano pembeni: s, u, v, a, t. Jaza unachojua, weka alama ya kuuliza kwenye unachotafuta. Itabaki herufi moja isiyotajwa wala kuulizwa. Chagua mlinganyo usio na herufi hiyo. Hakuna s? Wa kwanza. Hakuna v? Wa pili. Hakuna a? Wa tatu. Hakuna t? Wa nne.

Tujaribu kwa treni ya reli ya SGR ya Tanzania, ambayo mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, yaani 44.4 m/s. Tuchukulie inachapuka kwa 0.5 m/s² kutoka kituoni. Itahitaji umbali gani kufikia mwendo huo? Tunajua u = 0, v = 44.4, a = 0.5, tunatafuta s, t haikutajwa. Mlinganyo wa nne: s = 44.4² ÷ (2 × 0.5), karibu mita 1,970. Kilomita mbili nzima. Muda wake ni 44.4 ÷ 0.5, kama sekunde 89. Na ikipunguza mwendo kwa kiasi hichohicho, inahitaji tena kilomita mbili ili isimame. Anayekatiza reli akidhani dereva atamwona na kusimama, hesabu inamkataa.

Gololi kwenye ubao

Galileo, mwanasayansi wa Italia wa zamani, alitaka kujua vitu vinaangukaje, lakini vinaanguka upesi mno, na enzi zake hapakuwa na saa ya sekunde. Akatumia akili: badala ya kuangusha, aliviringisha mpira wa shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinama, ili anguko lipungue mwendo. Muda aliupima kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo. Wewe una simu, huna kisingizio.

Tafuta ubao au bomba la mita 2, inua upande mmoja kama sentimita 10. Weka alama za chaki kwenye sentimita 20, 80 na 180 kutoka juu. Achia gololi bila kuisukuma, na upime muda wa kufika kila alama, mara tano kwa kila moja, kisha chukua wastani. Utakuta muda wa kufika sentimita 80 ni karibu mara mbili ya ule wa sentimita 20, na wa sentimita 180 ni karibu mara tatu. Muda ukienda 1, 2, 3, umbali unakwenda 1, 4, 9. Hiyo ndiyo t² ya mlinganyo wa pili, inaviringika mbele ya macho yako. Chora umbali dhidi ya t² na nukta zitanyooka. Mteremko wake ni nusu ya mchapuko wa gololi.

Kuanguka, na jiwe linaloenda juu

Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa na hewa kina mchapuko wa takriban 9.8 m/s² kwenda chini, kiwe kizito au chepesi. Karibu na ikweta ni pungufu kidogo, 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa ndege kwa pamoja juu ya Mwezi, kusiko na hewa, na vikagusa vumbi wakati mmoja. Hapa duniani unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa tu. Katika mifano ifuatayo nitatumia 10, isipokuwa kwenye jaribio la rula.

Rusha jiwe juu kwa 15 m/s. Juu ni chanya, hivyo a = −10. Andika kasimwelekeo kila nusu sekunde: +15, +10, +5, 0, −5, −10, −15. Kila mara imepungua kwa 5, bila kuruka hatua, bila kupumzika. Linafika kileleni baada ya sekunde 1.5, kwenye kimo cha mita 11.25, na kurudi mkononi baada ya sekunde 3 likiwa na kasi ileile ya 15.

Nakuomba usimame hapa, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Pale kileleni, kasimwelekeo ni sifuri. Mchapuko je? Darasani karibu kila mara wengi hujibu sifuri. Lakini fikiri: kama kasimwelekeo ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, hakuna kitakachobadilika, na jiwe lingebaki linaning'inia hewani milele. Linarudi kwa sababu mchapuko bado ni −10, kileleni kama kwingineko kote. Kutokwenda na kutobadilika ni mambo mawili. Ukilielewa hili, umeshaelewa mada.

Sasa lirushe jiwe hilohilo kutoka ukingo wa jengo lenye kimo cha mita 20, likipita pembeni hadi chini. Litachukua muda gani? Huna haja ya kuligawa swali katika kupanda na kushuka. Chini ya ulipoanzia ni s = −20:

−20 = 15t − 5t²
t² − 3t − 4 = 0
(t − 4)(t + 1) = 0

Jibu ni sekunde 4, na linagonga ardhi kwa v = 15 − 40 = −25 m/s. Aliyeandika s = +20 atapata mlinganyo usio na jibu halisi, kwa sababu jiwe hilo halifiki kamwe mita 20 juu ya ukingo. Ile −1 tunaiacha, ingawa ina maana yake: kama jiwe lingekuwa limerushwa kutoka ardhini na kupita ukingoni kwa 15 m/s, lingekuwa limeondoka chini sekunde moja kabla.

Rula, mkono wako, na breki

Mwombe rafiki ashike rula ikiwa imesimama, alama ya sifuri ikiwa katikati ya vidole vyako vilivyo wazi. Aachie bila kukuambia. Idake, na usome sentimita ulizodakia. Kwa kuwa u = 0, muda wako wa kushtuka ni kipeuo cha pili cha 2s ÷ 9.8. Sentimita 10 ni sekunde 0.14, sentimita 15 ni 0.17, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 25 ni 0.23. Kumbuka kubadili sentimita kuwa mita kwanza. Rudia ukiwa unaongea na mtu mwingine, uone namba inavyopanda.

Hapo ulikuwa umekaa ukisubiri. Barabarani dereva hasubiri chochote, basi tuchukulie sekunde 1 nzima kabla breki hazijashika, na breki zenye mchapuko wa −6 m/s². Kwa kilomita 50 kwa saa (13.9 m/s), gari linapita mita 13.9 kabla ya breki, kisha 13.9² ÷ 12 = mita 16.1 za breki. Jumla mita 30. Kwa kilomita 100 kwa saa: mita 27.8 kabla ya breki na mita 64.3 za breki, jumla mita 92. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa breki umeongezeka mara nne, kwa sababu ya u².

Jaribu haya

Mwaka 2021 jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Kasi ya wastani? Je, kasi yake ya juu kabisa ilizidi hapo? (10.24 m/s. Ndiyo, maana alianzia sifuri, na sekunde za mwanzo zilivuta wastani chini.)

Embe linaanguka kutoka tawi la mita 5. Linafika chini baada ya muda gani, kwa kasi gani? (Sekunde 1, 10 m/s.)

La mwisho lifanye kwa karatasi, polepole. Waendesha bodaboda wawili wanakwenda sambamba, mmoja kwa 10 m/s, mwingine kwa 15 m/s. Mbuzi anaruka barabarani mita 25 mbele yao. Wote wanachukua sekunde 0.7 kushtuka, na breki zao zote zinatoa −4 m/s². Nini kinampata mbuzi?

Wa kwanza anapita mita 7 akishtuka, kisha 100 ÷ 8 = mita 12.5 za breki. Amesimama mita 5.5 kabla ya mbuzi. Wa pili anapita mita 10.5 akishtuka, zinabaki mita 14.5 tu za kufunga breki: v² = 225 − 2 × 4 × 14.5 = 109. Anamgonga mbuzi akiwa na 10.4 m/s. Breki zimeshashika muda wote huo, na bado anakwenda kasi kuliko mwenzake alivyokuwa akienda kabla hajagusa breki.